Vipima Gesi Nilivyovitilia Saini

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa saba, nimesimama ndani ya ghala letu la Hail, kipima gesi mkononi, na ninakiomba kilie. Kilie tu, mwanangu, hata mlio mmoja. Hakikulia. Tangu siku ile nimezaa, nimezika, nimestaafu, na sijapata tena kuogopa vile. Sasa nasikia na wewe umeingia kazi ya manunuzi. Hongera. Kaa hapo, mimina kahawa yako, nikwambie jambo ambalo hawatakufundisha kwenye semina zao.

Nilikuwa na miaka ishirini na nane, nimeajiriwa katika mamlaka ya maji taka ya mkoa wetu, kitengo cha manunuzi. Watu walinicheka. Shangazi yangu alisema mbele ya wageni kwamba Raya kasoma miaka yote ile ili akanunue mambo ya choo. Nilimwacha acheke, maana yeye akivuta maji chooni kwake hakujua yanakwenda wapi. Mimi nilijua. Nilijua mabomba, pampu, mifuniko ya chuma, magari ya kunyonya, na nilijua kila kimoja kilinunuliwaje.

Na hakikununuliwa kama unavyonunua samaki. Zabuni ilitangazwa, wauzaji wakaleta bahasha mbili, moja ya sifa za kitu na nyingine ya bei, na ile ya bei haikufunguliwa mpaka kamati iridhike na ya kwanza. Muuzaji alileta sampuli, mafundi wakaijaribu. Akishinda, mzigo wote ulikuja ghalani, na hapo ukapimwa tena, kimoja kimoja, kwa sababu sampuli nzuri haimaanishi mzigo mzuri. Ndipo zikawekwa saini mbili kwenye hati ya mapokezi: ya mtu wa manunuzi na ya mtunza ghala. Saini mbili zile zikishakaa, mali hutoka ikaenda kwa wafanyakazi na hapana tena mtu wa kuuliza. Mimi ndiye niliyekuwa saini ya kwanza.

Mwaka ule tulinunua vipima gesi kumi na viwili. Ni vidude vidogo, vinakaa kifuani mwa mtu anayeshuka kwenye chemba ya maji taka. Chini mle kuna gesi inayonuka mayai yaliyooza. Ikiwa kidogo, utaisikia. Ikizidi, inaua pua yako kwanza, husikii tena harufu yoyote, halafu inakuua wewe. Kwa hiyo mfanyakazi haamini pua yake, anaamini kile kidude. Kikionyesha sifuri, anashuka. Kikilia, anakimbia. Vile vya zamani vilikuwa vimechakaa, vinalia ovyo hata barazani, na wafanyakazi walikuwa wamechoka navyo.

Zabuni ile alishinda Nasir, na alishinda kwa haki. Sampuli yake niliiona kwa macho yangu ikipiga kelele mpaka watu wa ofisi ya pili wakatoka nje. Lakini Nasir hakuwa muuzaji tu kwangu. Tulipokuja huku nchi ya Waarabu kutoka Unguja mimi nikiwa mtoto, hatuna mbele wala nyuma, mama yake, Bi Zuwena, ndiye aliyetufungulia nyumba yake. Watu sita tulilala katika chumba kimoja kwake mwaka mzima, na hakutuonyesha uso wa kuchoka hata siku moja. Mama yangu alikuwa akitutajia jina la Bi Zuwena kwa sauti ya chini. Unazijua familia zetu. Kuna watu ambao huwezi kuwakatalia kitu, na wala hawahitaji kukuomba.

Siku ya kuleta mzigo Nasir alikuja mwenyewe, na sahani ya halua ametumwa na mama yake. Mtunza ghala wetu, Maalim Suleiman, mzee wa Kipemba mwenye miwani minene, alikuwa ameenda umra. Nilikuwa peke yangu. Nikafungua maboksi, vipima vipya, vinang'aa, nikahesabu kumi na viwili. Nikanyoosha mkono rafuni kuchukua ile chupa ya gesi ya kujaribia, maana ndivyo vinavyopimwa: unakipulizia gesi kidogo, kikilia ni kizima.

Nasir akauona mkono wangu. Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa rahisi kwangu. Alicheka, akasema, "We Raya. Hata mie?"

Mkono ukarudi, mwanangu. Nilijiona mtoto asiye na fadhila, naipima mali ya mtu ambaye nimelala chini ya dari yao. Nikamwambia, "Aka, nilikuwa naipangusa vumbi tu." Tukala halua. Nikatia saini.

Hilo ni kosa la kwanza, na ukiniuliza, lingeweza kusameheka. Hati ilikuwa bado na saini moja.

Baada ya siku mbili Maalim Suleiman akarudi, kichwa kimenyolewa, ametuletea tende na maji ya zamzam. Akaichukua hati, akaisogeza karibu na miwani.

"Umevipima, Bi Raya?"

"Nimevipima, Maalim."

"Vyote?"

"Vyote."

Sijui hata kwa nini ulimi ulikwenda haraka vile. Naona niliona haya kumwambia mzee yule kwamba nilishindwa na cheko la Nasir. Nikaona heri uwongo mdogo. Yeye akatia saini yake polepole, kwa herufi zake za chuo cha Kurani. Baadaye nikamsikia dirishani akimwambia Masoud, msimamizi wa genge la wafanyakazi wa Seeb, "Vichukueni. Bi Raya kavipima mwenyewe." Masoud akachukua vinane. Vinne vikabaki rafuni.

Nililala vibaya usiku ule na uliofuata, nikajisemea ni joto.

Siku ya tatu asubuhi nikaenda ghalani kutafuta karatasi za dhamana kwa ajili ya zabuni nyingine. Maalim alikuwa nje na dereva. Nikaiona chupa ya gesi rafuni, muhuri wake wa plastiki uko vilevile haujakatwa. Nikaogopa kidogo, kama mtu anayeogopa kufumaniwa. Nikasema nitaukata, nipime hivi vinne, roho itulie, na uwongo wangu utakuwa umegeuka kweli. Ndivyo nilivyowaza, usinicheke.

Nikakata muhuri. Nikachukua kipima cha kwanza, nikakiwasha, kikaonyesha sifuri. Nikakipulizia gesi. Sifuri. Nikadhani nimeufunga vibaya mpira wa kupitishia gesi. Nikaufunga upya, nikapuliza. Sifuri. Cha pili, sifuri. Cha tatu, cha nne, sifuri. Nikakimbilia boksi la vile vikuukuu vilivyoletwa kutengenezwa, nikachukua kimoja kilichopasuka kioo, nikakipulizia gesi ileile. Kikapiga kelele nikaruka. Nikarudi kwenye kipya, nikakishika kwa mikono miwili, nikakiomba. Kimya.

Unaelewa hapo kilichonitisha? Kingekuwa kimekufa kabisa, hakiwaki, mfanyakazi angekirudisha. Lakini kile kilikuwa kinawaka vizuri, kina taa, na kinamwambia mtu sifuri. Kilikuwa kinamwambia kila mtu, popote, shuka. Na vinane vya namna hiyo vilikuwa Mabela, hukohuko Seeb genge lilikokuwa kazini, kwenye vifua vya watu, asubuhi hiyohiyo.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ninapoona haya hata leo. Nilichukua simu. Mtu mwenye akili angempigia Masoud. Mimi nilimpigia Nasir.

Nilitaka aniambie kwamba nimekosea kupima. Akasema nimekosea kupima. Nikamwambia nimerudia mara tatu. Nikamsikia akifunga mlango. Kisha akasema, sauti imebadilika, "Raya, ghalani kwetu kiyoyozi kilikufa tangu mwezi wa tano. Mzigo ulikaa mle. Mie sikujua kama vidude hivi vinaiva kwa joto, wallahi sikujua." Nilimwamini, na hadi leo namwamini. Halafu akasema, "Usimwambie mtu. Nna vingine vinakuja adhuhuri, ntakubadilishia, hapana atakayejua." Na mimi nikauliza adhuhuri saa ngapi, na vitakuja na gari gani, na Maalim tutamwambiaje. Tukapanga. Robo saa nzima nimesimama kwenye pembe ya ghala napanga jinsi ya kutoaibika, mimi na nyumba ya Bi Zuwena, na watu wako Mabela.

Kilichonizindua si wema. Niliangalia saa ya ukutani, nikaona ni saa tatu kasorobo, na genge hushuka saa tatu. Nikakata simu bila ya kuaga. Nikampigia Masoud. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Nikatoka nje mbio, nikamkuta Maalim Suleiman mlangoni, na maneno yakanitoka yenyewe: "Maalim, sikuvipima. Nimekudanganya. Vimekufa vyote."

Maalim hakungoja nimalize. Akanyoosha mkono akamnyang'anya dereva ufunguo, akaingia garini, na mimi nikaingia ubavuni.

Kutoka Hail mpaka Mabela si mbali, na wewe njia ile unaipita kwenda kwa dada yako. Siku ile ilikuwa ndefu. Maalim, ambaye siku zote huendesha mpaka magari ya takataka yanampita, aliendesha nikashika mlango. Alisema neno moja tu njia nzima, nalo ni "Piga." Nikawa napiga. Simu ya Masoud inaita, inaita. Mtu wa kituo cha redio za magari yetu akaniambia gari lao halijibu. Nilianza kusoma kila sura ninayoijua, na nilikuwa nazichanganya, naanza hii namalizia ile.

Katika genge lile alikuwamo Mtanzania mmoja tu, jina lake Festo, mtu wa Iringa. Akija ofisini kuchukua glovu hupita mezani kwangu tukasemezana Kiswahili, yeye cha kwao na mimi cha kwetu, tukachekana. Ndiye aliyekuwa mwembamba kuliko wote, na mwembamba ndiye anayeshushwa. Nilijua hilo. Njia nzima nilikuwa nauona uso wake.

Tulipofika, tulikuta mtaa wa nyumba mpya, rangi bado mbichi, na mfuniko uko pembeni. Masoud amepiga magoti kwenye mdomo wa chemba, kamba mkononi, anaita. "Festo! Festo we!" Pampu inanguruma karibu yake, ndiyo maana hakusikia simu. Na pembeni yake kijana mmoja wa Kibangladeshi alikuwa ameshafunga mkanda, ametia mguu mmoja ndani, anashuka kumfuata mwenziwe. Kifuani kwake kuna kipima kipya.

Nilimrukia. Mimi, mwanamke na buibui langu, nikamkumbatia mwanamume nisiyemjua kiunoni na kumvuta nyuma tukaanguka sote kwenye changarawe. Napiga kelele, "Vimekufa! Vipima vimekufa!" Kwa Kiswahili, na yeye hajui Kiswahili. Alinisukuma, alitaka kwenda. Maalim akamwambia kwa Kiarabu, akaelewa, akaanza kulia.

"Kashuka lini?" Maalim akauliza.

"Sasa hivi. Dakika tano, hazijafika," akasema Masoud. "Kipima kilisoma sifuri, Maalim, mie mwenyewe nilikitazama. Sifuri."

Wakashika winchi. Kamba ikakaza, ikakwama; kiatu chake kilikuwa kimenasa kwenye ngazi ya chuma. Wakashusha kidogo, wakavuta tena. Nilifumba macho. Nilisikia tu kile chuma kikilia na Masoud akitaja jina la Mungu kwa kila mzunguko. Nilipofumbua, Festo alikuwa amelala juani, midomo imekuwa ya majivu, na kwenye kifua chake kidude changu kinang'aa na taa yake ya kijani.

Alipumua. Nakwambia mapema nisikuweke roho juu kama nilivyowekwa mimi. Alipumua baada ya Masoud kumsukuma kifua, nikidhani haitatokea. Gari la wagonjwa likaja, likamchukua.

Hospitalini tulikaa benchi moja, mimi na Maalim, tangu asubuhi mpaka alasiri. Nilikuwa nangoja anigombeze. Nilitaka anigombeze. Hatimaye akavua miwani yake akaifuta, akasema, "Bi Raya, mie macho yangu mabovu. Zile namba ndogo kwenye vidude sizioni vizuri, kwa hivyo nauliza. Siku zote nauliza, na wanaonambia ndio macho yangu. Siku ile ulinambia umeona." Akavaa miwani. "Hukuwa umeona." Basi. Akaondoka kwenda kusali, na mimi nikabaki pale nikilia mbele ya watu nisiowajua.

Siku ya tatu waliniruhusu kuingia kwa Festo. Nilikuwa nimeshaandika kwa mkono wangu kila kitu na kukipeleka kwa mkurugenzi, au hivyo nilivyokuwa najiambia, kila kitu. Nikamwambia na yeye: sikuvipima, nilisema nimevipima. Maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida.

"Dada," akasema, "vile vya zamani vilikuwa vibovu, si ndiyo? Sasa sisi tulikuwa tunafungua mfuniko tunakaa nusu saa nzima. Tunaweka feni inapuliza. Maana hatukuviamini. Siku hiyo Masoud akasema vipya hivi Bi Raya amepima mwenyewe. Tukaona nusu saa ya nini kwenye jua lote lile. Niliposhuka nikasikia mayai. Halafu harufu ikakata. Nikafurahi. Nikajua gesi imeisha."

Akafumba macho, kachoka. Mimi nikatoka.

Kwa hiyo mwanangu, mali mbovu haikutosha kumfikisha pale. Wao mali mbovu waliizoea, walijua kuishi nayo. Kilichomshusha Festo ni neno langu.

Aliishi, lakini kichwa kilimuuma kila siku na mambo mengine alikuwa anayasahau, mara jina la mtu, mara alikuwa anakwenda wapi. Baada ya miezi akarudi kwao Iringa. Mimi niliondolewa kwenye manunuzi miaka miwili, nikapewa kazi ya kupanga mafaili, na nilishukuru. Kampuni ya Nasir ikafutwa kwenye orodha ya wauzaji. Bi Zuwena alikuja kwetu mara moja tu baada ya hapo, akasimama mlangoni bila ya kuvua viatu, akamwambia mama yangu, "Mwanao angeipima mali ya mwanangu siku ile, leo tusingekuwa hapa." Alikuwa na haki, mwanangu. Mtu niliyeona haya kumvunjia heshima ndiye niliyemvunjia nyumba yake.

Na sasa lile ambalo sikuliandika kwenye ripoti. Robo saa. Masoud alisema Festo alishuka dakika tano kabla hatujafika. Hesabu hiyo haihitaji chuo kikuu. Ningempigia Masoud kwanza, kabla pampu haijawashwa, angepokea, na Festo angekuwa amekaa juani anakunywa maji. Siku ile ya hospitali nilikwenda nimedhamiria kumwambia hata hilo. Nilipoona anavyohangaika kulitafuta neno "feni," nikashindwa. Nikasema nitamwambia akipata nafuu. Akaondoka. Nilikuwa na namba yake ya Iringa, nikawa nasema wiki ijayo, wiki ijayo, mpaka siku moja nikapiga, ikapokewa na mkewe, akaniambia Festo amefariki, ni malaria tu, akanishukuru kwa kumkumbuka mumewe. Alinishukuru, unasikia? Wewe ni mtu wa kwanza kuambiwa habari ya robo saa ile, na si wewe niliyetakiwa kumwambia.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, na sina nyingine. Mali ya mtu wako ipime mbele yake, na akicheka mwache acheke. Ukiulizwa umeona na wewe hujaona, sema sijaona, hata kama anayeuliza ni mzee wako na uso wako unawaka. Na siku ukigundua umekosea, maana utakosea tu, usimpigie kwanza yule wa kukuficha. Mpigie yule aliye kwenye khatari. Kisha mwambie mwenyewe ulilomtendea, lote, angali hai wa kukusikia.

Nenda, mwanangu, utachelewa. Mola akupe mkono mzito wa kutia saini na ulimi mwepesi wa kukiri, na kila aliyeshuka kwa neno lako akupandie salama.